Uliza Tukujibu: Wale wa "acha kulipa ada ya chama" ni akina nani?

Maswali ya safari hii yametoka kwa ndugu zetu wa Marekani na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, zile taasisi za sera za kutetea soko huria ambazo kila jimbo kule lina ya kwake, mengine yana hata mbili tatu. Nimeyafupisha kidogo, msinune.

SWALI: Shikamoo anko. Niko Kent, jimbo la Washington, ni keagiva, namhudumia mama yangu nyumbani na serikali inanilipa kwa saa. Juzi kaja kijana mmoja mpole tu na tablet yake, ananiambia sio lazima nikatwe ada ya chama cha wafanyakazi, nisaini tu pale anitolee. Ni mtu wa serikali huyu? Na anayosema ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wa serikali sio. Kwenye jimbo lenu wanaojulikana zaidi kwa kugonga milango ya makeagiva ni Freedom Foundation, taasisi iliyoanzia Olympia mwaka 1991, lakini aliyekuja kwako mwambie akuonyeshe kitambulisho ujue katumwa na nani kabla hujagusa hiyo tablet.

Kwenye sheria hajakudanganya. 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Harris v. Quinn iliyotoka Illinois, kwamba keagiva kama wewe unayelipwa na hela za Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, huwezi kulazimishwa kulipa chochote kwa chama usichotaka kujiunga nacho. Halafu 2018 ikaja kesi ya Janus, mfanyakazi wa serikali ya jimbo la Illinois, majaji 5 kwa 4, ikawafungulia wafanyakazi wote wa serikali, walimu, makarani, wazima moto, wote. Na hapo utaona hizi taasisi zinavyofanya kazi, maana mawakili wa Janus baadhi yao walikuwa wa Liberty Justice Center, ofisi ya sheria iliyozaliwa na Illinois Policy Institute, yaani taasisi ya jimbo moja tu imeshika kesi ya mfanyakazi mmoja ikaipeleka mpaka juu kabisa na sheria ikabadilika nchi nzima.

Ila kuna ambayo hatakwambia pale mlangoni. Mshahara wako kwa saa haukushuka kutoka mbinguni, chama ndio kinakaa mezani na serikali ya jimbo kuubishania, na bima ya afya na mafunzo yanatoka kwenye mkataba huo huo. Ukitoka, mkataba bado unakuhusu, ila unapoteza kura yako ya kuukubali au kuukataa, na wakitoka wengi chama kinakuwa jina tu. Pia angalia ile kadi uliyosaini mwanzo, nyingi zina kipindi maalum kwa mwaka cha kusimamisha makato, ukikosa unasubiri. Mimi sikwambii ubaki wala utoke, nakwambia usisaini kitu ukiwa umesimama mlangoni na sufuria iko jikoni inaungua.

SWALI: Yambo mwandishi. Natumika usafi ku shule ya leta (ya serikali) hapa Grand Rapids. Wenzangu bamoja wanasema sheria ya Michigan ilibadilika, wengine wanasema hapana. Na hii Mackinac Center wanaitaja kila siku, inafanyaka nini?

JIBU: Yambo sana ndugu. Wote wako sawa, ndio uzuri wa Michigan. Disemba 2012 bunge la jimbo lilipitisha sheria kwamba mtu asilazimishwe kulipa chama ili apate kazi au abaki kazini, gavana Rick Snyder akasaini siku ile ile ya tarehe 11 huku maelfu ya watu wanapiga kelele nje ya bunge pale Lansing. Michigan bana, nyumbani kwa UAW, chama cha wafanyakazi wa magari! Hakuna aliyeamini. Halafu 2023 Democrats wakashika mabunge yote mawili na gavana Whitmer akaifuta, na kufutwa kwenyewe kukaanza kazi Februari 2024.

Sasa Mackinac Center iko Midland, ilianza miaka ya 1980 mwishoni, na hilo wazo la 2012 walilipigia debe miaka na miaka wakati hata wanasiasa wa upande wao walikuwa wanaliogopa. Hiyo ndiyo kazi yao hasa, kusema leo kitu ambacho mbunge akikisema leo anapoteza kiti, waandike ripoti, waongee redioni, walete wataalamu, mpaka siku moja kinasemeka. Makamu wa rais wao mmoja, Joseph Overton, aliyefariki 2003 kwenye ajali ya ndege ndogo, alikuwa anawaelezea hili wafadhili kwa kipeperushi cha karatasi ngumu chenye kidirisha cha kusogeza juu na chini, juu ya orodha ya sera, zile zinazoonekana ndani ya kidirisha ndio mwanasiasa anaweza kuzishika bila kuumia. Siku hizi dunia nzima inaongelea "dirisha la Overton", wengi wao hawajui lilikuwa karatasi ya kuombea michango.

Kingine wanachofanya ni cha kuchosha ila ndio chenye nguvu. Wana tovuti inayoeleza kila muswada wa Michigan kwa lugha ya kawaida na nani kapiga kura gani, hata wapinzani wao wanaitumia. Na kwa miaka mingi walikuwa wanapiga simu wilaya zote za shule za jimbo kuuliza, usafi mnafanya wenyewe au mmeipa kampuni? Chakula je? Mabasi? Matokeo wanayachapisha, na bila kuficha walitaka wilaya nyingi zaidi zikabidhi kampuni.

Hapo ndipo inakugusa wewe. Chukua karatasi yako ya mshahara uangalie jina la mwajiri. Kama ni wilaya ya shule, wewe ni mfanyakazi wa serikali, Janus inakulinda hata baada ya 2024, hulazimishwi kulipa. Kama ni kampuni ya usafi na mna chama, Janus haikuhusu, mkataba wenu unaweza kudai mlipe, ingawa unaweza kuandika barua ukatwe gharama za kukuwakilisha tu na sio za siasa. Watu wawili wanapiga deki korido moja, sheria mbili.

SWALI: Anko, hizi taasisi pesa wanatoa wapi? Ni matajiri tu si ndio?

JIBU: Wengi wamesajiliwa kama mashirika ya hisani, kwa hiyo hawalipi kodi ya mapato, anayechangia anapunguziwa kodi yake, na hawaruhusiwi kumpigia kampeni mgombea. Fomu yao ya kila mwaka, namba 990, iko wazi mtandaoni, utaona mapato, mshahara wa mkurugenzi, kila kitu isipokuwa majina ya wachangiaji. Matajiri wapo ndio, na mifuko ya familia zao. Ila na upande wa pili una taasisi zake kila jimbo zinazotetea bajeti za huduma na watu wa kipato cha chini, nazo zinachangiwa na mifuko mikubwa, kwa hiyo ukiuliza swali hili uliza pande zote mbili.

SWALI: Habari. Mimi ni nesi Mombasa, natarajia kuhamia Phoenix kwa mume wangu. Nimeambiwa Arizona wanakubali leseni ya popote, kweli?

JIBU: Hapana dada, popote pa Marekani. 2019 Arizona ilipitisha sheria, Goldwater Institute, taasisi nyingine ya aina hii ya hapo hapo Phoenix, ikiwa mstari wa mbele, kwamba ukiwa na leseni ya jimbo lingine kwa angalau mwaka na rekodi safi, ukihamia pale hawakurudishi darasani. Kwangu hiyo ni moja ya kazi zao nzuri kabisa. Lakini leseni ya Kenya haimo, wewe njia yako ni ile ya kukaguliwa vyeti na kufanya NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, ianze ukiwa bado Mombasa.

SWALI: Mbona unawasifia sana?

JIBU: Haya basi, Kansas. 2012 gavana Sam Brownback alipunguza kodi ya mapato na kuifuta kabisa kwa wenye biashara ndogo za aina fulani, Kansas Policy Institute ya Wichita wakaunga mkono, ahadi ikawa uchumi utapaa. Haukupaa, hazina ikakauka, hela za barabara zikahamishwa kuziba mapengo, na 2017 bunge lililojaa Republicans wenzake likazirudisha kodi ingawa mwenyewe alikataa kwa veto, yaani kura ya turufu. Umeridhika?

SWALI: Nina green card tu, naruhusiwa kwenda kuongea bungeni kama watu wa hizi taasisi?

JIBU: Ndio, kutoa ushahidi kwenye kamati ya bunge la jimbo sio kupiga kura, hawadai uraia. Kwa mfano kwenye jimbo la Washington unajiandikisha kwenye tovuti ya bunge kabla kikao hakijaanza, unachagua unaunga mkono au unapinga, na unaweza kuongea kwa video ukiwa sebuleni kwako. Andika maneno yako mapema, dakika zenyewe ni moja au mbili, mwenyekiti anakata.