Wadogo zangu wa akwaponiki ya sola, hebu tuelewane

Akwaponiki ni kufuga samaki na kupanda mboga kwenye maji yaleyale yanayozunguka. Majuzi, hapahapa Dodoma, nimepita Nala, nikaenda Ihumwa, nikamalizia kwa kijana mmoja wa Mkonze, na kote nimekuta kitu kilekile: paneli mpya zinang'aa juu ya bati, inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 220) imening'inia ukutani, na kwenye inveta hiyohiyo inayoendesha pampu ya hewa kuna ekstensheni yenye simu, redio na mashine ya kunyolea. Nikiuliza betri ina ukubwa gani naambiwa "kubwa tu, kaka". Nikiuliza alfajiri inasoma volti ngapi, naangaliwa kana kwamba nimeuliza mshahara wa shemeji.

Nawapenda, na mnanichosha. Nachukulia saifoni yako, ile ya kutoa maji kwenye kitanda cha kokoto cha mboga, inajaa na kumwaga bila kushikwa mkono, na amonia ya kinyesi cha samaki, pamoja na nitriti na nitrati ambazo bakteria wanaigeuza kuwa, unazijua kwa majina na kwa tabia. Kama bado, rudi ukasome kwanza.

1. Hesabu ianze na usiku.

Jua Dodoma tunalo mpaka la kugawa. Tatizo letu linaanza saa 12 jioni na kuisha jua likishapanda. Muda huo wote sato wanavuta oksijeni, bakteria wanavuta, mizizi inavuta, na hakuna anayerudisha isipokuwa pampu yako. Ongeza kwamba tuko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyoshika oksijeni kidogo, ya joto ndiyo kabisa. Kwa hiyo kipimo cha rafiki yako wa Bagamoyo usikinakili kama kilivyo.

Pampu ya hewa ya wati 20 kwa saa 13 inakula wati-saa 260. Pampu ya maji ya wati 40, ukiifunga taima iwake dakika 15 na kupumzika dakika 45, inakula nyingine 130. Jumla 390. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini nusu tu ndiyo yako. Ile nusu ya chini ukizoea kuigusa unaifupishia maisha. Toa 390 kwenye 600 uone umebakiwa na nini kwa ajili ya siku ya mawingu ya Januari. Weka betri mbili, au nunua lithiamu na usinilalamikie bei.

2. Hewa na maji kila kimoja kiwe na waya wake na fyuzi yake. Maji yakisimama usiku mmoja utaamka unakuna kichwa. Hewa ikisimama utaamka na kuchimba shimo.

3. Inveta.

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Pampu za moja kwa moja za volti 12 zipo madukani. Mtu ananunua pampu ya volti 220 kwa sababu ni rahisi, halafu ananunua inveta ya kuiendesha, na inveta inakula wati zake 10 mpaka 20 usiku kucha hata kama haijaunganishwa na kitu. Yaani umeajiri mlinzi anayekula kuliko mbwa. Lakini si hilo linalonifanya niwe mkali.

Wakati naanza, umeme wa TANESCO ulikuwa haujafika mtaani kwetu. Nilikuwa na tangi la lita 1,000 la sato, wengi wao wameshafika robo kilo, na pipa la kambale pembeni kwenye mzunguko uleule. Betri mbili, kontrola nzuri (kifaa kinachosimamia kuchaji betri na kukata umeme zikishuka sana), pampu ya hewa ya volti 12. Mfumo ulikuwa safi kuliko mwenyewe. Jirani akaomba kuchaji simu, nikamchajia. Akaja na shemeji yake. Nikaona hela hiyo inapita, nikanunua inveta.

Fundi aliunga kila kitu kwenye upande wa mzigo wa kontrola. Usiku kontrola ikawa inakata, kwa sababu betri zimeshuka na kazi yake ni kukata. Watu wanakuja asubuhi, simu hazijajaa. Nikaona kontrola inaniharibia biashara. Nikashika spana mwenyewe, nikaiunga inveta moja kwa moja kwenye nguzo za betri, na nilipokuwa hapohapo nikahamishia na pampu ya hewa, eti samaki wasikatiwe. Nilijisifu kwa wiki nzima.

Kila mchana, jua la saa 6, nilikuwa napita kuangalia kidirisha cha volti: 13.9. Safi. Sikuelewa kwamba mchana kidirisha kinakuonyesha nguvu ya paneli inayosukuma, si kilichomo ndani ya betri. Betri ya kufa ukiiwekea jua juu yake nayo inasoma 13.9. Za kwangu zilikuwa zinakaushwa kila usiku na kurudishwa nusunusu kila mchana, na kila zikikaushwa uwezo unapungua. Ikafika mahali pampu ya hewa inaanza kukoroma saa 9 usiku, saa 10 kimya. Jua likichomoza inaamka yenyewe. Mimi naamka saa 2 asubuhi, nakuta mapovu yanapanda kwenye mawe ya hewa, naendelea na chai.

Aliyekuwa anaamka mapema ni mpwa wangu, wakati huo anasubiri matokeo ya kidato cha nne, kazi yake kumwagilia mizabibu kabla jua halijawa kali. Siku moja akaniambia, "Mjomba, samaki wako wana adabu. Kila asubuhi wanapanda juu wananiambia mbukwa", ile salamu ya Kigogo.

Tukacheka sana. Nikamwambia hao wana njaa.

Nikaongeza chakula. Na si hivyo tu: nikaagiza kile cha jioni kitupwe saa 12, ili walale wameshiba. Wenye uzoefu hapa wameshafumba macho. Samaki anayesaga chakula anahitaji oksijeni nyingi zaidi kuliko mwenye njaa, na makombo yaliyozama yanaliwa na bakteria ambao nao wanahema. Saa ileile ambayo hewa inakatika, mimi nimewaongezea kazi. Wale walikuwa wanapanda kuhema kwenye ule utando wa juu wa maji, ndiyo oksijeni pekee iliyobaki, na mimi nawajibu kwa pumba.

Wakaenda hivyo mpaka Machi. Ikaja siku ya mawingu kuanzia asubuhi hadi jioni, na usiku kulikuwa na mpira, na televisheni ya jirani ilikuwa kwenye inveta yangu. Goli lilipoingia nilishangilia na mimi.

Asubuhi mpwa wangu hakuniita, alikuja kusimama mlangoni. Sato walikuwa wamejaa juu ya maji, midomo wazi, mashavu yamepanuka. Waliokufa ni wakubwa. Wadogo, wale wa kidole, wengi walikuwa bado wanahema juujuu. Ishara hiyo mjifunze: wakifa wakubwa kwanza, alfajiri, midomo wazi, usimtafute mchawi wala usinunue dawa, hewa ilikatika. Kambale walikuwa wazima kabisa, kwa sababu kambale anapanda juu anameza hewa yake mwenyewe, na walikuwa wameshaanza kumega mikia ya sato aliyetumbukia kwenye pipa lao.

Waliobaki niliwaua mimi kwa haraka yangu. Niliona maji yana povu na harufu, nikaita boza, nikamwaga karibu yote na kujaza mapya yenye klorini, vitanda vya kokoto navyo nikavisuuza kwa bidii. Bakteria waliokuwa wamenichukua zaidi ya mwezi kuwalea, nikawaosha asubuhi moja. Amonia ikapanda, na maji yetu yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8, ambapo amonia ileile inauma zaidi kuliko kwenye 7. Ndani ya siku chache hata wale wadogo hawakuwepo.

Mpwa wangu hakusema neno. Tulichimba chini ya mzabibu wa mwisho karibu na choo. Msimu uliofuata ulizaa kupita yote, na kila mgeni aliyesifu zile zabibu nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Basi. Pima volti kabla jua halijagusa paneli. Betri ya asidi ikisoma 12.2 au zaidi alfajiri, pampu ikiwa inafanya kazi, uko salama. Ikizoea kusoma chini ya 12, una deni. Andika ukutani kwa chaki, siku kwa siku, maana namba moja haikwambii kitu, zinazoshuka kidogokidogo ndizo zinazosema. Kontrola ikikata, ina sababu. Na chakula cha mwisho kiwe saa 9 alasiri. Siku ya mawingu punguza, usiku ambao huna uhakika na betri usilishe kabisa. Sato hafi kwa kukosa mlo mmoja.

4. Simu za majirani: nunua paneli ndogo na betri yake, wachaji humo. Mimi ndivyo ninavyofanya, na bado nawapenda.

5. Maji ya bomba au ya boza yaache kwenye pipa wazi siku moja au mbili na jiwe la hewa ndani, klorini itoke. Na usibadilishe zaidi ya robo kwa mkupuo.

6. Tangi la samaki bomba lake la kutolea maji liwe na mdomo wa juu, pampu ikae kwenye tangi la chini linalopokea maji yanayoshuka. Kiungo kikiachia usiku, maji yatakayomwagika ni ya tangi la chini na samaki watabaki wanaogelea. Kuna mtu Veyula aliweka pampu ndani ya tangi la samaki. Bomba likachomoka. Pampu ilifanya kazi yake kwa uaminifu mpaka tone la mwisho.

7. Maji ya visima vyetu.

Ni magumu, mengi yana chumvi. Halafu Septemba na Oktoba upepo na jua vinanyonya, wewe unaongezea kila siku, na kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi inabaki kwako. Kokoto nazo zijaribiwe: tia chache kwenye glasi ya siki. Zikitoa mapovu zina chokaa, zitakupandishia pH kila siku, mrudishie muuzaji. Usikubali zile nyeupe nzuri za bustani.

Ukiona majani machanga ya mchicha yamekuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mmea hauna chuma. Mara nyingi chuma kimo, ila pH ya juu imekifungia. Mtu wa Ihumwa alinionyesha majani hayo akaniambia samaki hawanyi vya kutosha, anataka kuongeza vifaranga. Nikakaa chini.

Dawa ni mvua. Tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 100 za mraba, hata ukipoteza robo, ni zaidi ya lita 40,000. Mna mabati, hamna mifereji ya paa. Hela ya inveta ingenunua mifereji.

8. Paneli zitazame kaskazini kidogo, nyuzi 10 hadi 15, zisilale bapa. Ikilala bapa vumbi linaganda. Kijana wa Mkonze ameielekezea barabarani ili wapitao waione. Ameona nini, sijui, ila baada ya saa 8 mchana kivuli cha mwembe kinaifunika robo, na robo ya kivuli haikunyang'anyi robo ya umeme, inaweza kukunyang'anya karibu wote. Kuanzia Julai hadi Oktoba futa kila wiki, alfajiri. Maji baridi kwenye kioo cha moto saa 7 mchana ni kutafuta ufa.

9. Juni na Julai sato watasusa kula. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 tumbo lao linapoa, punguza chakula, funika tangi usiku. Usinipigie kuniuliza wana ugonjwa gani.

10. Bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya mzigo kamili wa samaki. Najua vifaranga umeshavilipia. Ungeniuliza kabla.

11. Mboga.

Kila anayeanza anataka saladi, kwa sababu kaiona kwenye picha na kasikia hoteli za mjini zinanunua. Zinanunua kweli. Lakini saladi ya Oktoba hapa inarefuka, inatoa maua, inakuwa chungu, na mpishi ataonja mara moja tu. Panda saladi kwenye baridi, miezi ileile ambayo sato hawali sana, na ukumbuke kinyesi kinapungua, usijaze vitanda. Joto likianza hamia kwenye sukuma wiki na chainizi, wateja wa masoko ya Majengo na Sabasaba hawahitaji kuelezwa ni nini. Nyanya mziache kwanza. Zinataka potasiamu nyingi kuliko anayotoa sato mchanga, zinataka kushikiliwa kwa kamba, na mizizi yake itaingia kwenye saifoni yako wakati umesafiri. Mwaka wa pili, mkiwa bado na samaki, tutazungumza nyanya.