Madaktari wamesema amebakisha mwaka: tumwambie mgonjwa au tumfiche?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh wangu, mimi ni mama wa watoto wanne, tuko Tanga. Mume wangu ana miaka 54. Alianza kwa kuumwa kichwa kila alfajiri, kisha siku moja akaanguka kifafa mbele ya watoto. Tulimpeleka Dar es Salaam, akapigwa MRI na kuchukuliwa kinyama cha kupima. Wakasema ni glioblastoma, saratani kali ya ubongo, imekaa ndani kabisa na haipasuliki. Daktari alituita mimi na shemeji yangu mkubwa, akasema kwa mionzi na vidonge tutarajie kama mwaka mmoja, pengine chini ya hapo. Shemeji anasema kuyaamini maneno hayo ni sawa na kumwamini mpiga ramli, na amekataza mgonjwa asiambiwe. Mume wangu ananiuliza kila jioni, "Wamesemaje?" Nifanyeje? Na akiikataa mionzi, atakuwa amejiua? Tena siku hizi ananituhumu nimemfichia hela.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Dada yangu, Allah amponye mumeo na akupe nguvu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na hilo "wamesemaje?" limenikaa moyoni, kwa hiyo jibu langu litazunguka hapo.

Shemeji yako ana haki ya kuihofia tauhidi, lakini amechanganya mambo mawili. Allah anasema katika Suratu Luqmaan aya ya 34 kwamba nafsi haijui itachuma nini kesho, wala haijui itafia ardhi gani. Mpiga ramli anadai kuijua kesho hiyo. Daktari hadai. Yeye anasoma dalili, kama mvuvi wenu anavyotazama wingu na upepo akasema leo ngalawa isitoke. Hakuna aliyemwambia mvuvi amekufuru. Anaweza kukosea, na mwenye akili bado humsikiliza.

Kwa kuwa mimi si tabibu, nilikaa baada ya Isha na daktari mmoja wa saratani anayeswali nasi, nikamwomba anifafanulie huo "mwaka". Akaniambia uvimbe wa aina hii hauna mpaka. Unajipenyeza katikati ya nyama nzima ya ubongo kama mizizi, na ukikaa ndani sana, kisu hakiufikii bila kuharibu mwendo, usemi au pumzi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliopewa mionzi pamoja na vidonge vya temozolomaidi, nusu yao walivuka miezi 14 na ushei na nusu hawakufika hapo. Walipoendelea kufuatiliwa, karibu mmoja katika kumi alifika miaka mitano. Wengi wao walikuwa wamepasuliwa kwanza. Ambaye hakupasuliwa, kwa kawaida muda wake huwa mfupi zaidi. Kwa hiyo daktari wenu hakubuni, wala hakusema "atakufa tarehe fulani". Amekutajia watu wengi walivyokwenda. Mumeo yuko wapi katika hao, hilo ndilo ghaibu.

(Kwa wengine mtakaosoma: si kila uvimbe wa ubongo usiopasuliwa uko hivi. Upo unaokua polepole, mtu akaishi nao miaka mingi. Upo pia unaotibiwa kwa dawa bila kisu. Ulizeni aina yake kabla ya kuuliza miezi.)

Sasa nenda nami kwa Umar bin Khattab, Allah amridhie. Alipochomwa jambia akiwa anaswalisha Alfajiri, alinyweshwa maziwa yakatoka kwenye jeraha. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba tabibu alimwambia, "Usia, ewe Amiri wa Waumini." Umar hakumwambia anajitia kujua ghaibu. Alimwambia amesema kweli, na lau angesema jingine asingemsadiki. Kisha akafanya nini? Katika Bukhari tunasoma kuwa alimwita mwanawe Abdallah, akasema, "Tazama nina deni kiasi gani." Likahesabiwa, likawa 86,000 au karibu na hapo, akaeleza lilipwe kutoka wapi. Akatuma kwa Mama Aisha kuomba azikwe pembeni ya sahibu zake wawili. Hayo yote aliyaweza kwa sababu tabibu hakumficha.

Na nenda nami pia kwa Saad bin Abi Waqqas. Mwaka wa Hija ya Kuaga aliugua Makka hadi akajiona yuko mlangoni mwa mauti. Alikuwa na binti mmoja tu wa kumrithi, akataka kutoa theluthi mbili ya mali yake sadaka. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimshusha hadi theluthi, akasema na theluthi ni nyingi, na akamwambia huenda ataishi hadi watu wanufaike naye. Saad aliinuka, akaliongoza jeshi la Qadisiyya, akazaa wengine, akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya kitanda kile. Wasia ulizungumzwa siku ile, na haukumharakishia kifo.

Ndiyo maana nasema: habari ya ugonjwa ni amana, na mwenyewe ni mgonjwa. Ninyi mmebebeshwa tu. Niliwahi kuhudhuria khitma ya mzee ambaye wanawe walimficha hadi mwisho, kwa mapenzi kabisa. Jamvi halijakunjwa, akaja mama mmoja mjane, ameshika kikaratasi kilichokunjwa mara nne: mzee alikuwa amemwekea fedha zake za mchezo. Hapana aliyejua, wala pa kuzitafuta. Wale vijana walilipa kutoka mifukoni mwao, lakini nililiona jicho la mkubwa wao. Alikuwa anafikiria miezi mitano ambayo baba yake angeweza kusema, nao wakamwambia ni presha.

Basi akikuuliza jioni, usimdanganye. Mwulize kwanza, "Unataka nikwambie yote?" Akisema ndiyo, mwambie kwa maneno mepesi: ni saratani, haipasuliki, dawa inaupunguzia kasi, madaktari hawatarajii ipone. Miezi mtajie akiitaka. Akisema hataki, muache, ila muombe aseme madeni na amana zake, kwani Mtume amehimiza Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Shemeji awepo, naye atahitaji kulia.

Kuhusu mionzi, katika madhehebu yetu ya Shafii kujitibu ni sunna, na ambapo tiba haitarajiwi kuponya, anayeiacha hajajiua. Mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume akasema, "Mimi naanguka kifafa na nguo inanifunuka, niombee." Akampa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba asifunuke. Hadithi hii inanigusa kila nikiisoma, kwa sababu mgonjwa wa kichwa huogopa aibu kuliko maumivu. Hivyo weka khanga karibu na kitanda, na watoto wafundishwe kumfunika baba anapoanguka. Mimi ningemshauri ajaribu mionzi, lakini uamuzi ni wake. Dawa za maumivu, hata mofini aliyoandikiwa na daktari, hazina ubaya.

Umeandika mwishoni kwamba siku hizi anakutuhumu umemfichia hela. Usiyabebe maneno hayo, dada yangu. Uvimbe ukigusa sehemu za tabia hubadili mtu, na dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo nayo huweza kumfanya mkali na asilale. Akili ikifunikwa, kalamu huinuliwa, yaani mtu haandikiwi dhambi. Maadamu anajitambua, aswali kama Mtume alivyomwelekeza Imran bin Husayn: kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu.

Daktari ameniambia kadiri uvimbe unavyokua, usingizi huzidi na maneno hupungua. Kwa hiyo jioni ya leo akiuliza, keti. Kalamu na daftari viwe karibu. Wallahu aalam.