Albamu ya kantri ya gitaa tupu: anza na Chester & Lester

Mkuu, umeuliza uanze na albamu gani ya kantri isiyo na uimbaji, ukaongeza kwamba gitaa bila maneno hukuchosha baada ya nyimbo mbili. Tafuta Chester & Lester ya wapiga gitaa wa Marekani Chet Atkins na Les Paul, ya mwaka 1976. Ndiyo ninayowapa hata vijana wanaonijia kujifunza gitaa, kwa sababu humo hakuna anayetunisha misuli. Ni watu wazima wawili wanapiga soga.

Na soga ipo kweli. Walirekodi Nashville, utani wao wa studio ukaachwa humo humo kwenye rekodi. Les alikuwa na miaka kama 60, alishajiweka kando na muziki kwa muda mrefu. Mwaka 1948 ajali ya gari ilimvunja vibaya mkono wa kulia, akawaambia madaktari waufunge kiwiko kwa pembe itakayomwezesha kushika gitaa. Sasa msikilize anavyomchokoza mwenzake kwa vipande vya haraka haraka, Chet anamjibu kwa utulivu, wala hana haraka ya kumshinda.

Huyo Chet, kama nyumbani kwenu Jumapili ilipigwa kanda ya Jim Reeves kama kwetu, umeshakutana na kazi yake. Ndiye aliyesimamia kurekodiwa kwa wimbo wake "He'll Have to Go".

Cha kusikiliza ni mkono wake wa kulia. Gumba limevaa piki, yaani kipande kigumu cha kukwanyulia nyuzi, linapishana kwenye nyuzi nene kama mpiga besi, huku kiganja kikizigusa kidogo pale zinapofungiwa ili zisivume. Vidole vingine vinapiga wimbo juu yake. Mtindo huo aliunasa redioni kwa mpiga gitaa Merle Travis, ambaye alitumia gumba na kidole cha shahada tu. Chet hakuwa anamwona, akadhani haiwezekani bila vidole zaidi, akaviongeza! Wewe uliyezoea gitaa kavu la Mwenda Jean Bosco au George Mukabi, gumba la namna hiyo halitakuwa geni.

Kuna wanaobisha kwamba hii si kantri. Wana hoja: "Avalon", "Caravan" na "It Had to Be You" ni nyimbo za jazi na za dansi la zamani, na bado albamu ilipata tuzo ya Grammy ya upigaji wa ala wa kantri. Mimi naona ukantri uko kwenye lile gumba, sio kwenye orodha ya nyimbo. Mwaka 1978 wakatoa nyingine, Guitar Monsters. Nzuri pia, ila ya kwanza ndiyo yenye uchangamfu.

Kwa kuwa ulisema unapiga ridhimu kanisani, usianze kukopi solo za Les, utakata tamaa. Chukua kodi (chords) mbili unazozijua, piga gumba peke yake hadi uweze kuongea na mtu bila kupoteza mapigo, ndipo uweke noti moja ya wimbo juu yake, halafu ya pili. Piki ya gumbani si lazima kwa sasa. Ila kiganja kikae pale pale, kikiinuka tu besi inavuma na kuufunika wimbo.