Vitanzi vikianza kuzaa

Mwalimu uliyekabidhiwa klabu ya kufuma mwaka huu, nikupe niliyoyapata kwenye Jumatano zangu za jioni hapa Njombe, mengi kwa kukosea.

Usianze kwa kuwafundisha kuanzisha vitanzi, yaani kupanga vile vya kwanza kwenye sindano. Mimi nilianza hivyo, kwa kuwa ndivyo sweta inavyoanza, na kipindi kikaisha watoto 24 wameshika mafundo. Anzisha mwenyewe nyumbani, vitanzi 15 kila mtoto, ufume na mistari miwili. Wao waingie hapo. Kuanzisha kutafuata wiki ya tatu au ya nne, vidole vikishazoea.

Spoku za baiskeli, ambazo wengi wetu tulifumia utotoni, ziache. Ni nyembamba, vitanzi vinakaza mno. Chonga sindano za mianzi, nyembamba kidogo kuliko penseli, urefu wa sentimita 25, piga msasa, paka nta ya mshumaa, funga rababendi nyuma vitanzi visichomoke. (Wavulana waliodai kufuma ni kazi ya dada zao walikuja kuchonga, wakabaki.)

Uzi tunaupata kwa kufumua sweta za mitumba. Kabla hujalipa, geuza ndani utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kupigwa ovaloki, rudisha. Utaambulia vipande vifupi vifupi. Na chagua rangi ya kung'aa. Kwenye uzi mweusi hata mimi kosa silioni.

Sasa jiandae kusikia, "Mwalimu, vimezaa!" Mtoto alianza na 15, leo ana 22, kazi imetanuka kama sketi. Tazama pembeni kwanza. Akishageuza kazi, huupitisha uzi juu ya sindano kuupeleka nyuma. Kitanzi cha kwanza kinavutwa, miguu yake miwili inasimama kama vitanzi viwili, naye anavifuma vyote. Mwambie uzi upite chini ya sindano. Kama nyongeza iko katikati na pana tundu, basi aliuzungusha uzi kabla hajaingiza sindano kwenye kitanzi. Wahesabu vitanzi kwa sauti kila mwisho wa mstari, hata wakinuna.

Wanaotumia mkono wa kushoto wakae wakikutazama usoni, wakuige kama kioo. Wengine wakae ubavuni mwako.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Binti mmoja wa darasa la tano skafu yake ilikuwa imejaa matundu. Nikaichukua wakati wa mapumziko, nikafumua, nikaifuma upya, nikamrudishia imenyooka. Aliitazama mbele na nyuma, akaniuliza, "Mwalimu, yangu iko wapi?" Siku hizi nadaka kile kitanzi kilichoponyoka tu, kwa ndoano ya kufumia, mkono wangu ukiwa juu ya wake. Matundu mengine nayaacha.