Ngome za Kirumi "zilipelekea" nini?

Msomaji anayesomesha historia ameniuliza kama ni sahihi kuandika kwamba "kuwepo kwa ngome za Kirumi kulipelekea mabadiliko ya kilimo Britania", au afadhali aandike "kulisababisha".

Si sahihi, na kitenzi hicho kinachotumiwa ovyo kimenikera kwa muda mrefu. Peleka ni kitenzi chetu cha Kibantu, kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huwa pelekea, yaani kumfikishia mtu kitu mahali alipo: "Mpelekee bibi yako unga." Lazima pawe na mpelekaji, kinachopelekwa na anayepelekewa. Ngome ilibeba nini, ikampelekea nani?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba katika habari hii kupelekea kulikuwepo kweli, na waliopelekea ni wakulima. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi na mkwe wa Agricola, gavana wa Kirumi wa Britania (Uingereza ya leo), ameandika kwamba kabla ya Agricola kurekebisha mambo, mwishoni mwa karne ya 1, Wabritania waliamriwa kupeleka nafaka katika kambi za mbali zisizo na njia, ilhali kambi nyingine zilikuwa jirani nao, ili watu wachache wajipatie faida. Tena waliketishwa mbele ya maghala yaliyofungwa na kulazimishwa kununua nafaka. Hao ndio waliozipelekea ngome chakula. Ukiandika kwamba ngome "ilipelekea", umemfuta mkulima huyo katika historia yake na kumpa mlaji sifa ya mbebaji, na hilo silivumilii hata kidogo.

Ngome ilitoza, na pia ilinunua. Huko Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, karibu na ukuta ambao Kaizari Hadrian aliamuru ujengwe mwaka 122, vimefukuliwa vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Katika kimojawapo, ambacho ni barua, mtu aitwaye Octavius anamweleza mwenzake Candidus kwamba amenunua masuke ya nafaka yapatayo modii 5,000 (modii ni kipimo cha Kirumi cha nafaka), na kwamba asipoletewa angalau dinari 500, sarafu za fedha za Kirumi, atapoteza arubuni ya dinari 300 hivi aliyokwisha kuitoa, kisha aaibike. (Neno lake la Kilatini, arra, ni la ukoo mmoja na arubuni yetu tuliyoipata kwa Waarabu.) Ngozi zilizoko Catterick, mji mwingine wa kaskazini mwa Uingereza, hajazifuata, kwa kuwa njia ni mbovu naye hataki kuwaumiza wanyama wake. Barua nzima imejaa vitenzi vyenye wenyewe: kununua, kulipa, kufuata, kupoteza. Kwa nini tuvifunike vyote kwa kitenzi kimoja kisicho na mtendaji?

"Kulisababisha" kunakubalika, ingawa hakusemi mabadiliko yalitokeaje. Magazetini "kupelekea" kumeshaota mizizi, nami nimechoka kuandikia wahariri. Katika insha ya historia, hata hivyo, nitaendelea kukukata kwa wino mwekundu. Mwalimu, waandikishe wanafunzi wako hivi: "Jeshi la Kirumi liliwatoza wakulima wa Britania nafaka, likanunua nyingine kwa fedha, nao wakalazimika kuzalisha ziada na kuipeleka ngomeni."