Jibu: Je, Justine ya Jess Franco inafuata kitabu?
Mkuu, umeuliza kama filamu ya Justine ya 1969, ya mwongozaji Mhispania Jess Franco, inafuata riwaya ya Marquis de Sade, mwandishi Mfaransa, na uanze na ipi. Anza na kitabu. Filamu inafuata njia ileile, ila mwisho imeukimbia. Kitabuni, kilichotoka 1791, binti mwema anateswa kila anapokimbilia, na akidhani amepona, radi inampiga anakufa. Franco yeye anamwokoa na kumpa mchumba. Hapo Sade ametiwa maji, maana hoja yake yote ilikuwa kwamba wema haulipi! Ndiyo iliyomponza: 1801, enzi za Napoleon, alikamatwa, na hakuachiwa tena hadi alipofia Charenton, hospitali ya vichaa karibu na Paris, 1814.

Hata hivyo itazame. Mwigizaji Klaus Kinski ndiye Sade, yuko gerezani, haongei, anahangaika tu na kalamu na mizuka yake. Muziki wa Bruno Nicolai ni mtamu kuliko filamu yenyewe inavyostahili. Romina Power (ndiye huyohuyo aliyekuja kuimba na Al Bano, mwimbaji wa Italia) ndiye Justine, na uigizaji wake umepooza; Franco mwenyewe alimlalamikia. Mimi naona kule kupooza kunamfaa Justine kidogo, kwani hata kitabuni anatendwa leo na kesho anamwamini mwingine.

Tafuta toleo refu la zaidi ya saa mbili. Lile la Marekani, Deadly Sanctuary, limekatwa vibaya. Na usiiweke sebuleni watoto wakiwa macho.