Kisiwa cha jikoni chenye magurudumu: kwanza kijue kusimama

Watu wengi wakitaka kisiwa cha jikoni cha kuhamishika, yaani meza ya kazi yenye kabati inayokaa katikati ya jiko, wanaanza na picha. Wameona meza moja nzuriii kwenye simu, mbao inang'aa, taulo limening'inizwa pembeni, basi picha inatumwa kwa seremala na maneno mawili tu, nitengenezee hii. Hamna vipimo, hamna chochote. Mi napika sana na nimeshachora visiwa kadhaa, changu na vya ndugu na marafiki, na siku hizi mtu akinifuata swali langu la kwanza ni hili: kikiwa kimesimama, kitasimama kweli? Maana ukipiga hesabu, kisiwa unakisukuma nusu dakika halafu unakifanyia kazi saa nzima, unakata, unakanda, unaegemea, unaponda vitunguu saumu. Magurudumu ni ya ile nusu dakika. Muda wote uliobaki unataka meza isiyotikisika.

Kabla ya mbao kuna sakafu. Chukua tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, ubandike chini umbo la kisiwa unachokitaka, tena sehemu mbili, pale utakapofanyia kazi na pale kitakapokaa kikishamaliza kazi. Hii sehemu ya pili watu hawaiwazi kabisa, wanadhani kwa kuwa kina magurudumu basi kitakaa popote, kumbe hiyo popote inakuja kuwa mbele ya mlango na kila anayepita anakisogeza kwa nyonga. Ishi na hiyo tepu siku kadhaa, pika nayo, fungua friji mpaka mwisho, fungua oveni uchuchumae mbele yake kama unayetoa trei, vuta droo zote za kaunta. Njia kati ya kisiwa na kaunta iwe kama sentimita 105 kama mpishi ni mmoja, na kama mnapika wawili nendeni mpaka 120 ili mpishane bila kugusana huku mtu ana kisu mkononi. Jiko ni dogo? Basi hapo ndo kisiwa cha kusukuma kinapoleta maana, unaweza kuibana njia mpaka 90 kwa muda ule unaokata vitu halafu ukairudisha. Ikishuka chini ya hapo, punguza upana wa kisiwa, usijidanganye.

Kimo nacho. Kaunta nyingi zina sentimita 90 hivi, na hicho ni kimo cha watu wote kwa pamoja, siyo chako. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, toa sentimita 10 mpaka 15, hapo ndo pa kukatia. Kukanda unga kunataka chini zaidi, toa 20 hata 25, kwa sababu unasukuma kwa uzito wa mwili na si kwa mabega. Kama una meza ya kupigia pasi ile ya kupandisha na kushusha, ijaribie kabla hujakata ubao wowote, weka kibao juu yake ukate karoti mbili tatu taratibu, ukiwa na viatu vyako vya jikoni. Mgongo utakwambia. Na usisahau kwamba gurudumu lina kimo chake, gurudumu la kipenyo cha milimita 100 pamoja na bamba lake la kulifungia kwenye kabati linakula kama sentimita 12 na nusu. Kwa hiyo kisiwa cha 90 chenye ubao wa juu wa sentimita 4 kinabakiwa na kabati la 73 na nusu hivi, hicho ndo kipimo anachopewa fundi. Nimeshaona kabati limetengenezwa kwa 90 safi kabisa, likaja kuvalishwa magurudumu na ubao, mwenye jiko akawa anakata nyanya mabega yako masikioni.

Sasa kipande kimoja au vipande? Mi nipo upande wa vipande, tena viwili vinatosha. Badala ya meza moja ya 120 kwa 60 tengeneza mbili za 60 kwa 60 zenye kimo sawa, zinazoshikana. Mlango wa ndani mara nyingi ukishatoa fremu na unene wa mlango wenyewe, nafasi inayobaki haifiki sentimita 80, kipande cha 60 kinapita bila kukwaruza kitu na unakisukuma peke yako. Kimoja kinabaki na mpishi, kingine kinabeba vyombo kwenda mezani. Kimoja kiwe na droo, kingine kiwe wazi chini, shelfu za masufuria na nafasi ya pipa la maganda. Kesho kutwa ukipata jiko kubwa unaongeza cha tatu.

Kazi ipo pale vinapokutana. Hakuna sakafu iliyonyooka, hata ile inayoonekana imenyooka, kwa hiyo ukivisogeza pamoja ubao mmoja utakaa juu ya mwenzake kwa milimita mbili tatu, na hizo milimita ukipitisha kiganja unazisikia, kifimbo cha kusukumia unga ndo kabisa kinagonga kila kikipita. Dawa ni mbili na zinafanywa zote. Ya kwanza, ubavuni mwa ubao wa kipande kimoja pachika vijiti viwili vya chuma vya milimita 10 vinavyotokeza nje kidogo, na upande wa pili toboa matundu ya kuvipokea, ncha zichongwe ziwe nyembamba ili viingie hata kama vipande havijalingana sawasawa. Ya pili, chini kwenye fremu funga makomeo mawili ya kuvuta, yale ya kwenye masanduku ya vifaa, unanasa halafu unabana. Vijiti vinalinganisha, makomeo yanavuta. Ukiweka makomeo bila vijiti yatabana vizuri tu lakini ile tofauti ya kimo kati ya mbao mbili itabaki palepale. Ukiona baada ya kubana gurudumu moja linaelea, weka washa moja au mbili, vile vipete bapa vya bolti, kati ya bamba lake na kabati, limekwisha hilo. Na hata ukifanya vizuri vipi unga na makombo vitaingia kwenye ule mstari wa kati, kwa hiyo nyama mbichi usikatie juu ya maungio, iwe na kibao chake cha kuondoka kinachooshwa peke yake.

Twende kwenye magurudumu, na hapa ndo naomba usibane hela. Kuna jiko moja nilikaribishwa kupika, kisiwa kizuri, breki zote nimekanyaga, naanza kukanda unga na meza inanikimbia, polepole, sentimita kwa sentimita, mpaka nikajikuta nimefika kwenye friji. Kuinama kuangalia, breki zinashika gurudumu lisizunguke lakini ile shingo yake inageuka kama kawaida, kwa hiyo kila ukisukuma meza inacheza. Unachotaka ni breki inayoshika vyote viwili kwa pamoja, gurudumu na shingo. Dukani ikanyage ulijaribu kwa mkono, shika bamba ulizungushe, likigeuka rudisha. Yote manne yawe ya kuzunguka, yaani shingo inageuka kila upande, kwa sababu kwenye nafasi finyu unataka kwenda ubavu, na yote manne yawe na breki, hela ikigoma basi mawili ya upande unaosimama. Angalia pia kanyagio la breki linatokeza nje ya kabati, siyo limejificha ndani mpaka uingize vidole vya mguu kama unatafuta sarafu.

Uzito: jumlisha kisiwa chenyewe, vitu vitakavyokaa ndani, na mtu anayeegemea, halafu gawa kwa tatu, siyo kwa nne. Kwa nini tatu? Sakafu ikiwa na bonde gurudumu moja linaning'inia na matatu ndo yanabeba. Kisiwa cha kilo 60, vyombo 40, mtu akiegemea 50, jumla 150, basi kila gurudumu liwe limeandikwa kubeba kilo 50 na kuendelea. Ya plastiki ngumu yanapiga kelele na yanateleza kwenye vigae hata yakiwa yamefungwa breki. Chukua yenye mpira laini wa kijivu, ule mweusi kuna aina inaacha alama sakafuni. Kipenyo kisipungue sentimita 7 na nusu, 10 ni bora, vidogo zaidi ya hapo vinakwama kwenye mifereji ya vigae na kizingiti kidogo tu cha mlangoni. Na yafungwe kwa bamba lenye bolti nne zinazopita mpaka juu na nati, siyo skrubu za mbao, kwa sababu kila ukisukuma unakuwa unazing'oa.

Kupinduka sasa. Wengi wanapenda ubao wa kukunjua pembeni, ule unaongeza eneo, na mimi siupingi ila upigie hesabu kwanza. Chukua kisiwa cha kilo 60 chenye magurudumu yaliyoachana sentimita 50. Uzito wake upo katikati, yaani sentimita 25 kutoka kwenye mstari wa magurudumu, 60 mara 25 unapata 1500. Ubao wa kukunjua ukitokeza sentimita 30 nje ya mstari huo, mtu akiubonyeza ukingoni kwa kilo 50 nayo ni 1500. Umefika kwenye mizani, kilo moja ya ziada kisiwa kinanyanyuka upande wa pili. Mtu mzima akikalia pale imeisha. Tena magurudumu ya kuzunguka yakigeukia ndani, pale yanapogusa sakafu panasogea ndani sentimita tatu nne, kwa hiyo hesabu halisi ni mbaya zaidi. Ukiutaka ubao huo upe mguu wake mwenyewe unaofika chini, au uamue tangu mwanzo kwamba ni wa kuwekea mabakuli tu. Droo pia hivyohivyo, zote zikifunguka upande mmoja zikiwa zimejaa masufuria ya chuma ni uzito umehamia nje. Vizito vikae chini kabisa, juu kaa na vijiko na taulo. Na droo ziwe na kishikizo, maana ukisimamisha kisiwa ghafla zinajifungua zenyewe.

Ndiyo maana jiwe juu silipendekezi kwa kisiwa cha kusukuma, hata kama linapendeza. Granaiti ya sentimita 3 ina kama kilo 80 kwa mita ya mraba, mbao ngumu ya sentimita 4 ni kama 28. Uzito wote huo unakaa juu, mahali pabaya kuliko pote. Bati la chuma kisichoshika kutu ni zuri kwa unga na samaki, linaoshwa kirahisi, ila kisu kinaharibika ukikatia juu yake. Mi nachagua mbao ngumu. Ubao unapanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri hewa inavyobadilika unyevu, kwa hiyo usiugandishe na gundi kwenye kabati, skrubu zipite chini kwenye matundu marefu ili uweze kucheza, la sivyo utapasuka tu. Paka mafuta juu NA chini, ukipaka juu peke yake unapinda. Mafuta ya kupikia hapana, yanachacha na ubao unanuka, tumia mafuta ya madini yale yanayoruhusiwa kugusa chakula.

Kabati lenyewe liwe la plaiwudi ya milimita 18. Chipibodi ni rahisi ila ikionja maji inavimba, na skrubu zake hazivumilii kusukumwasukumwa, kisiwa kinaanza kuyumba pembe kwa pembe. Kipande kilicho wazi pande zote nacho kitayumba hata kiwe cha mbao gani, kizibe mgongo kwa ubao mmoja mzima au kifunge mkingamo, ubao wa kukatiza pembe kwa pembe.

Vitu vidogo unavyoweza kuongeza kama nafasi ipo: tundu kwenye ubao juu ya pipa, unafagia maganda kwa mgongo wa kisu yanaanguka yenyewe, nalipenda hilo kuliko kitu chochote kingine kwenye kisiwa changu. Bomba la kutundikia taulo, ila lifungwe imara kwa sababu hilo ndo utakalolisukumia. Ubao wa juu utokeze sentimita 5 upande mmoja ili mashine ya kusagia nyama ipate pa kubana. Soketi naonaga watu wanaweka, mi siweki, waya unaopita sakafuni kati ya kisiwa na ukuta mtu ataukanyaga akiwa na sufuria ya moto, na gurudumu litaupitia juu. Kama ni lazima uwe na ndoano ya kuuviringishia na uchomolewe kabla ya kusogeza chochote.

Kikishaanza kazi, baada ya wiki chache geuza kila kipande ubavu ukaze bolti zote za magurudumu, mbao ikishatulia huwa zinalegea kidogo. Na ukiona gurudumu moja limekuwa zito kuzunguka usikimbilie kununua jipya, angalia kwenye ekseli yake, mara nyingi ni nywele na nyuzi za taulo zimejiviringisha, kata na wembe, tia tone moja la mafuta.